Matundu ya Hewa Juu ya Dirisha: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara, Nakuru Hadi Kisumu

Sisi ni mafundi wa madirisha. Kazi yetu iko Nakuru zaidi, na mara kwa mara inatufikisha Kisumu, Kakamega na Bungoma. Swali la kwanza la mteja huwa rangi ya fremu, la pili bei. Hewa haiulizwi mpaka familia imeshahamia na ukuta wa chumba cha kulala umeanza kuota ukungu, ndipo simu inapigwa. Maswali haya ndiyo yanayokuja kwenye simu hizo. Mengine tumeyajibu kwa mistari miwili, mengine kwa kirefu, kwa kuwa yapo yanayogusa uhai wa mtu.

Matundu mnayoyazungumzia ni yapi?

Ni nafasi nyembamba iliyo juu ya dirisha, au ukutani karibu na dari, inayobaki wazi hata dirisha likifungwa kwa komeo. Ukiishi nyumba ya zamani yenye madirisha ya chuma, inua macho. Juu ya kioo utaona ukanda wa wavu uliofunikwa kwa nje na kofia ya bati iliyoinama ili mvua isiingie. Nyumba nyingine zina tofali mbili tatu zenye matobo. Kwenye ramani ya nyumba huandikwa PV (kifupi cha Kiingereza cha "permanent vent", tundu la hewa la kudumu), na mafundi wengi husema venti tu. Uingereza hutumia kidude cha plastiki au aluminiamu kinachopachikwa juu ya fremu, chenye kifuniko unachosukuma kwa kidole ili kupunguza au kuongeza hewa. Kazi ni ile ile: kubadilisha hewa ya chumba polepole, saa 24, bila mtu yeyote kukumbuka kufungua chochote.

Mbona nyumba mpya hazina?

Sababu kubwa ni dirisha la aluminiamu la kuteleza. Linapendeza, halipati kutu, na linapachikwa haraka. Lakini likifungwa limefungwa, na hata ukilifungua unapata nusu tu ya uwazi, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Dirisha la chuma la zamani lilivujisha hewa kila pembe na juu yake kulikuwa na venti. Mwenye nyumba akibadilisha, vyote viwili vinaondoka kwa mkupuo. Kisha anapiga silingi, yaani dari, ya jipsamu, na ule mwanya kati ya ukuta na paa nao unazibwa.

Tumekuta ramani iliyopitishwa ikionyesha PV kila chumba, na nyumba iliyosimama haina hata moja. Mwashi alizipitia kwa plasta kwa sababu "zinaharibu ukuta". Jambo hili linatuudhi, tuseme wazi. Kama unajenga sasa hivi, peleka ramani kwenye mjengo kabla plasta haijapigwa, uhesabu matundu mwenyewe.

Mimi hufungua dirisha kila asubuhi. Haitoshi?

Inasaidia sana, usiache. Tatizo liko usiku, wakati watu wengi wamo ndani na kila kitu kimefungwa.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dari ya futi nane, kama vile vya ploti nyingi za Kaptembwo, Nakuru, au Nyalenda, Kisumu. Kina hewa ya mita za ujazo kama 22. Watu wazima wanne wakilala humo, pumzi zao hutoa karibu lita 50 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Hewa ya nje ina gesi hiyo kiasi cha sehemu 420 katika kila milioni. Kama hewa ya chumba haibadiliki kabisa, baada ya saa mbili tu kiwango kimepita mara kumi ya kile cha nje. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Chumba halisi huwa na mwanya chini ya mlango, kwa hiyo hali huwa afadhali.

Kwa kiwango hicho gesi yenyewe haiui. Faida yake ni kwamba inakuonyesha kinachoendelea: ikiwa imejaa, basi mnavuta hewa ambayo imeshapita kwenye mapafu ya wenzenu, pamoja na virusi vya mafua na chochote kingine walichokuwa nacho. Kichwa kizito cha asubuhi na usingizi usiotosheka mara nyingi huanzia hapo. Mwaka 2020, wakati wa korona, sote tulikubali kupanda matatu yenye madirisha wazi kwa sababu hiyo hiyo, halafu tukarudi nyumbani tukafunga kila kitu.

Kijitundu kama hicho kinasukumaje hewa ya chumba kizima?

Nguvu ni mbili. Ya kwanza ni joto. Hewa iliyopashwa na miili, taa na mapishi huwa nyepesi, hupanda, hutafuta tundu la juu na kutoka. Nafasi yake inachukuliwa na hewa baridi inayoingia chini ya mlango au kupitia tundu la upande mwingine. Ya pili ni upepo: ukuta unaopigwa na upepo husukuma hewa ndani, na ukuta wa pili huivuta nje.

Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, nguvu ya kwanza haikosekani usiku, kwa sababu nje kuna baridi na ndani kuna joto. Kisumu, kwenye mita 1,130 kando ya ziwa, tofauti hiyo ni ndogo, hivyo unategemea upepo. Ndiyo maana kwa nyumba ya Kisumu tunashikilia matundu yawe kwenye kuta mbili. Tundu moja kwenye ukuta mmoja, na mlango wa ndani unaogusa sakafu, ni kazi bure. Acha angalau sentimita moja chini ya kila mlango wa ndani.

Julai ya Nakuru mnaijua. Mtoto si atapata nimonia?

Hili ndilo swali la akina mama, na hatulipuuzi. Usiku wa Julai joto hushuka karibu na nyuzi 10, na mtoto mchanga hapaswi kupigwa na baridi.

Lakini nimonia huletwa na vijidudu, bakteria au virusi, na vijidudu hivyo huenea kwa urahisi zaidi pale watu wengi wanapobanana katika hewa isiyobadilika. Moshi wa mkaa na kuni huzidisha hatari, hasa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mama anayeziba kila tundu kwa gazeti ili kumkinga mtoto, kisha akaingiza jiko ili chumba kipate joto, amemweka mtoto karibu zaidi na kile anachokikimbia.

Fanya hivi: acha tundu la juu wazi, mvalishe mtoto kofia na soksi, na usiweke kitanda chake chini ya dirisha. Kanuni za Uingereza, nchi yenye baridi kuliko Nakuru, zinataka matundu haya yawe angalau mita 1.7 kutoka sakafuni. Hewa baridi ikiingia juu namna hiyo huchanganyika na ile ya joto iliyo karibu na dari kabla ya kumfikia aliyelala. Ukiona tundu linampulizia mtu usoni, basi liko chini mno au ni kubwa mno, na dawa yake ni kifuniko cha kupunguza. Kuliziba kabisa hapana.

Asubuhi vioo vinatoa jasho na pembe za ukuta zina madoa meusi. Mwenye nyumba anasema ni makosa yangu. Ni kweli?

Mara nyingi kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mtu aliyelala hutoa kama gramu 40 za maji kwa saa kupitia pumzi na ngozi. Watu wanne kwa saa nane wametoa zaidi ya lita moja, na bado hujapika chai, hujaoga kwa maji moto, hujaanika nguo ndani kwa sababu mvua haikukatika. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kioo baridi au pembe ya ukuta wa nje, inashindwa kuubeba, na maji yanajitokeza kama kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Ukungu hauhitaji hata maji yanayotiririka; unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta ukikaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, unaota. Utauona nyuma ya kabati, juu ya fremu, na pale godoro linapoegemea ukuta.

Mpangaji ndiye anayetoa mvuke, kweli. Lakini mtu lazima apumue, na nyumba ndiyo ilipaswa kuwa na njia ya kuutoa. Tukiletewa ugomvi huu, mara nyingi tunaegemea upande wa mpangaji.

Kwanza hakikisheni ni mvuke, maana unyevu una vyanzo vingine. Doa linalopanda kutoka sakafuni hadi magotini, lenye chumvi nyeupe, linatoka ardhini. Msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji, au imeharibika. Doa linalotanuka kila mvua inaponyesha ni paa au bomba linalovuja. Lile la pembeni na juu ya madirisha, linalozidi Juni hadi Agosti, ndilo la mvuke. Ukibaki na shaka, futa sehemu ya ukuta iwe kavu, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakionekana juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma yake, ukuta wenyewe una maji, na hapo hakuna tundu la hewa litakalokuokoa.

Madoa haya yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili alifariki Rochdale, Uingereza, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichosababisha ni ugonjwa wa kupumua uliotokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi walikuwa wamelalamika. Mwaka uliofuata Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuwabana wamiliki wa nyumba za umma washughulikie ukungu kwa muda maalumu. Mwenye pumu anaujua ukungu bila kuambiwa: akilala kwa ndugu yake ambaye nyumba yake ni kavu, anapumua vizuri, akirudi kwake, inhela inatoka mfukoni.

Lakini hewa ya nje nayo ina unyevu, hasa mvua ikinyesha. Si mnatuongezea maji?

Swali zuri, na jibu la Nakuru si jibu la Kisumu.

Hewa ya nyuzi 10, hata ikiwa imejaa ukungu wa baridi wa asubuhi kutoka kreta ya Menengai, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba zaidi ya 17. Kwa hiyo ile ya nje ikiingia na kupata joto, inakuwa imejaa nusu tu, na inakunywa mvuke wa chumba kabla ya kutoka. Nje panaonekana pamelowa, lakini hewa hiyo ndiyo inayokausha nyumba yako.

Kisumu usiku nje kuna joto na unyevu mwingi, hivyo hewa inayoingia haikaushi kwa nguvu hiyo. Huko matundu yanatoa mvuke wa bafu na wa mapishi, yanatoa joto, yanatoa hewa iliyochakaa. Bafu lisilo na dirisha, lenye shawa ya umeme, weka feni ya kuvuta nje.

Sisi wa Kisumu hatuna baridi. Madirisha yetu yako wazi mchana kutwa. Mnatuuzia nini?

Mchana hatuna la kuwauzia. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma kuelekea nchi kavu, fungueni kila kitu. Ila usiku Manyatta au Kondele ni nani analala na dirisha wazi? Mbu, wezi na kelele za barabarani vinafanya madirisha yafungwe kabla ya taarifa ya habari. Mabati yamepigwa na jua tangu asubuhi, kuta zimeshika joto, na sasa joto hilo linatoka likiwa ndani pamoja nanyi. Tundu la juu kwenye kuta mbili, na jingine kwenye pembetatu ya ukuta chini ya paa ikiwa kuna silingi, huliachia njia ya kutoka usiku kucha huku dirisha limefungwa.

Na mbu? Huku malaria haina mchezo.

Tundu bila wavu katika ukanda wa ziwa ni kosa, hatutakuwekea. Mbu wa malaria huuma usiku, na njia yake kuu ya kuingia katika nyumba nyingi za magharibi ni ule mwanya kati ya ukuta na paa. Nyumba za zamani ziliuacha kwa makusudi ili moshi utoke, na ulifanya kazi hiyo vizuri sana. Mbu nao wakafaidika. Anayeziba mwanya huo kwa udongo au simiti amewapunguza mbu, lakini kama hakuacha njia nyingine ya hewa ameibadilisha shida.

Wavu ndio unaokupa yote mawili. Tumia ule wenye vijitundu vya milimita 1.2 hivi, mbu hapiti. Uwe wa glasifaiba au wa chuma kisichopata kutu, maana wa kawaida haukai muda mrefu kwenye hewa ya ziwani. Tena ubanwe kwenye fremu ndogo kwa skrubu, usipigiliwe misumari miwili ukabaki na mwanya pembeni. Wavu hupunguza hewa inayopita, kwa hiyo tundu lenye wavu lifanye kubwa kuliko lisilo nao.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalitarajii. Mbu hutufuata kwa kunusa kaboni dayoksaidi ya pumzi zetu, na chumba kisichopumua huikusanya kisha kuivujisha kupitia nyufa. Vilevile, watu wengi huacha kulala ndani ya neti kwa sababu ya joto. Chumba kikipoa kidogo, neti inavumilika. Na neti iendelee kuwepo hata kama madirisha yote yana wavu.

Nikiwa na matundu haya, naweza kulala na jiko la makaa ndani?

Hapana. Hata kwa dakika kumi za "kupasha tu chumba" kabla ya kulala, hapana.

Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi tena, ndiyo watu huyaamini, na ndiyo hatari. Yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba pumzi. Aliye macho husikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hasikii chochote. Kila msimu wa baridi Kenya huzika familia kwa sababu hii, na kila mara majirani husema walikuwa wazima jioni.

Matundu tunayoyaeleza yamepimwa kwa ajili ya pumzi za watu na mvuke. Hayakupimwa kwa jiko linalowaka. Yakiwepo, bado unaweza kufa. Ukihisi dalili hizo na kuna jiko ndani, toeni watu nje kwanza, madirisha baadaye, kisha hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Baridi ikizidi, tafuta blanketi la pili au chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo.

Gesi ya mtungi je?

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, haitapanda kutafuta tundu la juu. Jikoni kunahitaji nafasi ya pili chini, karibu na sakafu, inayotoka nje moja kwa moja. Bora zaidi mtungi ukae nje kwenye kibanda chake, bomba lipite ukutani.

Moshi wa jikoni utatoka kupitia matundu haya?

Kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi unataka dohani, au dirisha pana wazi na mlango wazi wakati wa kupika, au jiko lihamie nje. Majiko yaliyoboreshwa kama Upesi, linalojulikana sana huku magharibi, hupunguza kuni na moshi, lakini hayaumalizi. Tundu la juu linasaidia kusafisha kilichobaki baada ya sufuria kuepuliwa.

Nyumbani kuna mgonjwa wa TB. Tufanyeje?

Hapa msitegemee kijitundu. Fungueni dirisha lote, mchana na usiku inapowezekana. Vijidudu vya TB huelea hewani kwa saa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa, na kinachowapunguza ni hewa nyingi na mwanga wa jua. Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waliona kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, huku vile vya kisasa vyenye mashine vikibadilisha mara 12. Vilivyofanya vizuri kuliko vyote vilikuwa vya majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa. Wazee waliojenga wodi hizo walikuwa na akili.

Mgonjwa alale chumba chake ikiwezekana, na ameze dawa bila kuruka siku. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali, na ndizo zinazomfanya aache kuambukiza.

Tundu liwe la ukubwa gani?

Uingereza, tangu 15 Juni 2022, anayebadilisha madirisha ya nyumba isiyo na matundu anatakiwa kwa kawaida kuweka nafasi ya milimita za mraba 8,000 kwa chumba cha kulala, sebule au jikoni, na 4,000 kwa bafu. Usitishwe na tarakimu. 8,000 ni ufa wa sentimita 40 kwa 2. Hiyo ni kanuni ya London ya Uingereza, si ya mtaa wetu wa London hapa Nakuru, lakini sisi huitumia kama kiwango cha chini. Chumba wanamolala watu watano tunazidisha, na Kisumu tunazidisha hata kwa watu wawili, kwa kuwa huko hewa inahitajika pia kuondoa joto.

Nina madirisha ya kuteleza tayari. Nibomoe?

Usibomoe. Njia ziko tatu. Fundi anaweza kukata ufa kwenye sehemu ya juu ya fremu na kupachika kidude chenye kofia nje na kifuniko ndani, lakini fremu nyembamba hazikubali, akikulazimishia, zitalegea. Njia ya pili ni kupunguza kioo kwa juu na kuweka ukanda wa aluminiamu wenye matundu na wavu. Inapendeza kama imefanywa na mwenye mkono mzuri.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda kwa nyumba za kawaida: toboa ukuta karibu na dari na upitishe bomba la PVC la inchi 4. Uwazi wake ni milimita za mraba 8,000 na kidogo, karibu sawa na kile kiwango cha Uingereza kabla hujaweka wavu. Bomba liinamie nje kidogo ili maji yasirudi, nje liwe na kona inayoangalia chini, wavu uwe upande wa ndani ambako mkono unafika. Usitoboe kwenye linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha. Ukiona nondo, umekosea mahali.

Nyumba yetu ina madirisha ya luva.

Basi mna hewa kuliko jirani mwenye ghorofa jipya. Vibao vya luva havifungi sawasawa hata vikiwa vipya. Wekeni wavu kwa ndani na msidanganywe mvibadilishe kwa ajili ya mtindo.

Vumbi la Nakuru litajaa ndani.

Litaingia, ndiyo, hasa Januari na Februari. Wavu hukamata baadhi. Kama uko kando ya barabara ya murramu, weka tundu upande wa pili wa nyumba, na lile la upande wa barabara liwe na kifuniko cha kufunga mchana na kufungua usiku magari yanapopungua.

Na wezi?

Hili linatupatia wateja kuliko afya. Ukilala na dirisha wazi, mtu anaweza kupitisha mti wenye ndoano kati ya grili na kuvua suruali yenye simu. Kwenye ufa wa sentimita 2 ulio juu, wenye wavu uliopigwa skrubu, hapati kitu.

Nikiwasha feni au AC, bado nahitaji matundu?

Ndiyo. Feni inazungusha hewa ile ile, na AC nyingi za ukutani zinapoza ile ile. Hakuna inayoleta mpya.

Mimi ni mpangaji na mwenye nyumba hataki kusikia.

Anza kwa picha zenye tarehe na barua fupi au ujumbe wa simu, umweleze ukungu uko wapi na tangu lini. Wenye nyumba wengi hukubali wakielewa kwamba kupaka rangi upya kila mwaka kunawagharimu kuliko bomba moja la PVC. Akigoma, kila kaunti ina maafisa wa afya ya umma, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa nguvu ya kumwagiza aondoe hali inayodhuru afya ya wakaaji. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 nacho kinataja haki ya makazi ya kufaa. Usitoboe ukuta wa mtu bila idhini yake; utapoteza dipoziti na kesi.

Wakati unasubiri, sogeza kabati na kitanda sentimita kumi kutoka ukuta wa nje, funika sufuria unapopika, anika nguo nje au kwenye veranda, na ufute vioo asubuhi kwa kitambaa ukikamulie nje.

Ukungu umeshaota. Nausafishaje?

Vaa glavu na barakoa, fungua dirisha, sugua kwa maji ya sabuni kisha dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Mchanganyiko hutoa gesi ya sumu. Acha ukuta ukauke kabisa ndipo upake rangi. Rangi ya "kuzuia ukungu" juu ya ukuta uliolowa ni pesa iliyotupwa, na isipobadilika hewa madoa yatarudi mwaka ujao mahali pale pale.

Venti ziko, lakini sihisi hewa yoyote.

Shika kipande cha tishu mbele ya tundu jioni, milango ya ndani ikiwa wazi. Kikitikisika, hewa inapita hata kama ngozi haihisi. Kisipotikisika, panda ngazi. Mara nyingi ni vumbi na utando wa buibui vilivyoziba wavu, na brashi kavu inatosha. Safisha mwishoni mwa kiangazi na tena kabla ya Juni. Wakati mwingine ni rangi iliyopakwa juu ya wavu. Huo hausafishiki, ubadilishe. Na nyumba ikipakwa rangi, fundi akiziba matundu kwa gazeti ili asiyachafue, hakikisha amelitoa kabla hujamlipa. Tumewahi kuyakuta magazeti hayo yakiwa bado mahali pake, na habari za uchaguzi uliopita.